Kila raketi na mahali inapouma

Fundi cherehani mmoja wa Kariakoo ndiye aliyeliona kwanza. Ilikuwa 1995, nimekwenda kushonesha shati la harusi ya kaka yangu. Akapima mkono wa kushoto, akaandika. Akapima wa kulia, akasita, akarudia. "Mdogo wangu, unafanya kazi gani?" Nikamjibu nacheza tenisi. Akatikisa kichwa, akaandika vipimo viwili tofauti, na shati lile lilinikaa kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa.

Nilikuwa na miaka 22, na raketi nilikuwa nimeishika tangu nina 11. Mtoto akianza kupiga mpira wakati mifupa yake bado inakua, mfupa wenyewe wa mkono anaopigia hunenepa, si nyama peke yake. Ukipata picha ya zamani ya Rod Laver, yule Mwaustralia aliyepiga kwa kushoto, itazame mikono yake: utasema ni ya watu wawili. Mimi wakati ule sikuyajua hayo. Niliondoka kwa fundi nikiupapasa mkono wangu wa kulia njia nzima hadi kituo cha daladala.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuangalia mwili wangu kwa jicho la fundi yule. Sasa nina miaka 52. Nimecheza tenisi, skwoshi (ule wa kupiga mpira ukutani ndani ya chumba), mpira wa vinyoya (badminton) na mpira wa meza, kwa mfuatano huo, na miaka hii ya karibuni nimeingia hata kwenye padeli, mchezo wa raketi unaochezwa ndani ya kuta za vioo. Vijana wakibishana kwenye benchi mchezo upi ni mgumu kuliko yote, huniita niwaamulie. Kuwaamulia siwezi. Ninachoweza ni kuwaonyesha panapouma, na kuwaeleza kwa nini pale na si pengine.

Baba alikuwa mtunza viwanja kwenye klabu moja ya Dar es Salaam, nami nikaingia kwa mlango wa nyuma kama waokota mipira wote walivyoingia. Huo ni 1984, miaka ya foleni za sukari na sabuni. Mipira ya tenisi nayo ilikuwa adimu. Ilichezwa mpaka inatoka upara, ukiipiga inateleza kama kokwa la embe. Raketi ya kwanza niliyopewa na mwanachama mmoja ilikuwa ya mbao. Za mbao zilikuwa na uzito wa gramu 370 na zaidi, wakati hizi za leo nyingi ziko kwenye 300. Mikononi mwa mtoto wa miaka 11 ule ni mwiko wa pilau la shughuli. Ilinilazimu nizungushe mwili mzima ndipo mpira uvuke neti, na bila kujua nikawa nimefundishwa jambo ambalo watu wazima hulipia pesa kulijifunza: nguvu ya tenisi hutoka ardhini, ikapanda mapajani, ikapita nyonga na kiuno, ikaingia begani, na mkono huja mwisho kabisa.

Nililisahau hilo nilipofika miaka 24. Nilipata raketi ya kisasa, nyepesi, ngumu, na nikaona naweza kupiga kwa mkono peke yake. Kwa miezi michache ilikuwa raha. Halafu upande wa nje wa kiwiko ukaanza kuuma, kwanza jioni, kisha mchana kutwa. Ikafika mahali siwezi kuinua birika la chai, na mzee akinipa mkono kwa heshima namwomba radhi nampa wa kushoto. Watu waliniletea dawa za kuchua za kila aina. Kilichonisaidia kilikuwa kitu kidogo mno: nilikaa mezani, nikalaza mkono, kiganja kikitazama chini, nimeshika chupa ya maji ya lita moja, nikawa naiinua kwa msaada wa mkono wa kushoto kisha naishusha polepole kwa wa kulia peke yake. Asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki. Pia nilizungushia mpini kitambaa ukanenepa kidogo, na nikajifunza kulegeza vidole katikati ya mapigo. Ukiwatazama wachezaji wengi wanaoumwa kiwiko, utaona wanaikamata raketi muda wote kama mtu aliyening'inia kwenye mlango wa daladala.

Aliyekuwa akitufundisha pale tulimwita Mwalimu tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, miguu myembamba kama ya korongo, na katika miaka yote niliyokaa naye nilimsikia akirudia sentensi moja: miguu haichoki kwa kwenda, inachoka kwa kusimama. Nilidhani ni maneno ya wazee. Viwanja vyetu vilikuwa vya saruji. Ukikimbilia mpira ukafika, kiatu kinakamata sakafu palepale, na mwili mzima, kilo zako zote pamoja na kasi uliyokuja nayo, vinaishia kwenye goti moja. Sisi vijana tulikuwa tukijipima kwa kukimbia. Hakuna aliyejipima kwa kusimama.

Maneno ya Mwalimu nilianza kuyaelewa, nusu yake tu, mwaka 1996, nilipopanda basi na wenzangu watatu kwenda kucheza Nairobi kupitia Namanga. Kule viwanja vingi ni vya udongo mwekundu. Siku ya kwanza nilikimbilia mpira kwa nguvu, nikapiga breki kama nilivyozoea, na udongo ukanichukua. Nilianguka vibaya nikachubuka paja zima. Mwenyeji wangu akanifundisha kuanza kuteleza kabla ya kuufikia mpira, ili nikishapiga niwe tayari nimekaribia kusimama. Nikaona ajabu: baada ya wiki moja ya kucheza kutwa, magoti hayakuuma hata kidogo. Kilichouma ni kifua. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, nasi tumetoka pwani. Mpira huruka mbali kwa sababu hewa ni nyepesi, mapigo yangu yote mazuri yakawa yanapita mstari wa nyuma, na pumzi ilikuwa kama navutia kupitia mrija. Seti ya kwanza nilifungwa 6-0. Kijana aliyenifunga hakuwa ametokwa na jasho.

Bado nasema tenisi ni mchezo wenye huruma kuliko inavyosemwa. Nilipokuwa muokota mipira niliwahi kukaa na saa ya mwalimu mmoja wa kuogelea, nikawa naiwasha mpira ukianzishwa na kuizima pointi ikiisha. Katika saa nzima, mpira ulikuwa hai dakika kumi na kitu tu. Zilizobaki ni kutembea, kudundisha mpira, kujifuta jasho, kubadilishana pande. Sheria za leo zinampa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi na 90 wakati wa kubadilishana pande, na sekunde hizo moyo unazitumia vizuri sana. Tenisi humchosha mtu kwa urefu wake. Mwaka 2012, fainali ya Australia kati ya Novak Djokovic na Rafael Nadal ilichukua saa 5 na dakika 53, na wakati wa hotuba wote wawili waliletewa viti kwa kuwa miguu ilishagoma. Kwenye mashindano ya Wimbledon, Uingereza, mwaka 2010, John Isner na Nicolas Mahut walicheza saa 11 na dakika 5 katika siku tatu, seti ya mwisho ikaisha 70-68. Hiyo ni njaa, ni maji, ni chumvi, ni bega linalopiga sevu, pigo la kuanzisha pointi, mamia kwa mamia. Hewa ya kifuani haiwaishii.

Hewa ya kifuani ilikuja kuniishia kwenye skwoshi.

Nilikuwa na miaka 26, nikijiona niko kamili. Nyuma ya bwawa la kuogelea kulikuwa na vyumba viwili vya skwoshi, na jioni moja karani wa benki, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye kitambi, alikosa mwenzake akaniita. Wakati ule gemu zilikwenda hadi 9. Alinifunga 9-1, 9-0, 9-2. Yeye alisimama katikati ya chumba, akipiga hatua mbili kushoto, mbili kulia, na mimi nikazunguka kuta zote nne kama nzi kwenye chupa. Nilipotoka nilitapika kwenye maua. Karani akanisubiri nimalize, akanipa maji, akasema kwa upole, "Kijana, wewe unakimbia vizuri. Lakini hurudi."

Chumba cha skwoshi kina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Ukikisikia kwa namba unaona ni kidogo, na udogo wenyewe ndio ugumu: mpira hauendi mbali, kwa hiyo hakuna muda wa kuusubiri. Kila pigo ni kwenda na kurudi katikati. Nao ni kijipira cha raba cha gramu 24 tu, kikiwa cha baridi hakidundi, inabidi kipigwe kwanza kipate moto. Kikishapata moto, tena kwenye joto la Dar es Salaam, hakifi. Pointi zinarefuka, na baina ya pointi mtu anaokota mpira anaanza tena. Hakuna taulo, hakuna kudundisha. Mwezi Machi, mvua zinapokaribia, kuta zenyewe hutoka jasho na mpira unateleza juu ya maji yale. Nilijipima mapigo ya moyo shingoni nikiwa bado nimeegemea ukuta: yalikuwa juu kabisa, na yalikaa kulekule gemu nzima. Kwenye tenisi moyo hupanda na kushuka kama mawimbi. Kwenye skwoshi hupanda, basi.

Na asubuhi yake? Kupanda ngazi niliweza. Kushuka nikashindwa, nikashuka kinyumenyume nimeshika reli. Mapaja ya mbele na makalio yalikuwa yamekaza kama kamba iliyoloa. Mpira wa skwoshi hupigwa karibu na sakafu, kwa hiyo kila mara unatupa mguu mbele, goti linakunjika, mwili unashuka, kisha unausimamisha na kuusukuma urudi. Msuli unaovutika huku umekaza, kama wa mtu anayeshuka mlima na gunia, ndio unaochanika vijinyuzi na kuuma kesho yake. Nikiwa pale kwenye ngazi nikamkumbuka Mwalimu. Kumbe alikuwa akisema kweli tupu.

Wapo waliofikisha mchezo huu mahali ambapo mtu wa kawaida hapaelewi. Mwaka 1983 kule Chichester, Uingereza, Jahangir Khan wa Pakistani, kijana wa miaka 19, alicheza na Gamal Awad wa Misri kwa saa 2 na dakika 46. Gemu ya kwanza peke yake ilikula saa 1 na dakika 11. Lakini jina la familia hiyohiyo linanikumbusha jambo jingine. Kaka yake Jahangir, Torsam Khan, alianguka uwanjani Australia mwaka 1979 moyo ukasimama, akafa akiwa na miaka 27. Huyo alikuwa mchezaji wa kimataifa, mwenye mazoezi. Sasa mfikirie mtu wa miaka 50 anayetoka ofisini moja kwa moja, hajafanya mazoezi mwaka mzima, anaingia chumbani kumenyana na mwenzake waliyesoma wote ili amwonyeshe kuwa bado yumo.

Nilimwona mmoja. Alisimama katikati ya gemu, akashika kifua, akasema taya linamvuta. Mwenzake akadhani ni uchovu, akaagiza soda. Alipona, namshukuru Mungu, kwa sababu muuguzi mmoja aliyekuja kuogelea alimwona usoni akakataa asinywe chochote, akamwingiza kwenye gari mara moja. Mimi nilikuwa pale, mzima, nimesimama na raketi mkononi, sijui la kufanya. Tangu hapo nimemwambia kila mtu mzima anayetaka kuanza skwoshi: kwanza tembea, kisha kimbia, pimwa presha, halafu njoo. Maumivu ya kifua, ya taya au ya mkono hayangojwi yaishe. Na vaa miwani ya kinga. Mpira ule una kipenyo cha milimita 40, unaingia ndani ya tundu la jicho, mfupa hauuzuii.

Kwenye mpira wa vinyoya niliingia nikitafuta nafuu. Nilikuwa na miaka 33, nyonga imeanza kulalamika kwa skwoshi, na rafiki yangu wa Upanga, Mhindi tuliyefanya naye biashara ya kufunga nyuzi za raketi, akanialika kwenye ukumbi wao jioni baada ya sala. Nilipoishika raketi yao nilicheka kwa furaha. Haifiki hata gramu 100. Kinyoya chenyewe ni manyoya 16 ya bata yaliyochomekwa kwenye koki, kama gramu 5 yote. Nikasema mkono wangu umepata pensheni.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kuwa feni zote zilikuwa zimezimwa na milango imefungwa. Upepo kidogo tu unakihamisha kinyoya, kwa hiyo ukumbi unafungwa, na watu wanacheza ndani ya joto ambalo mkate ungeumuka. Kitu cha pili alikuwa mama mmoja wa miaka 45, mfupi, mtulivu, aliyenichezesha. Akakirusha kinyoya nyuma kabisa, nikarudi kinyumenyume, nikaruka, nikapiga. Akakigusa tu kikaanguka mbele, karibu na neti. Nikakimbia, nikautupa mguu, nikakiokoa. Akakirudisha nyuma. Hivyo, pointi moja, mara kumi, mara kumi na tano. Kwenye tenisi mpira ukidunda umekupa muda wa kuvuta pumzi. Kinyoya hakidundi. Kinatoka kwenye raketi kwa kasi ya kutisha (mwaka 2023 Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipimwa smashi, pigo la kushusha kwa nguvu, ya kilomita 565 kwa saa), kisha hewa inakikamata kinapunguza mwendo ghafla, na wewe lazima uwe umeshafika kabla hakijagusa sakafu.

Kuna ulinganisho ambao wapenzi wa mchezo huu huupenda sana, na mimi nimeuweka moyoni kwa kuwa ni wa 1985, mwaka wangu wa pili wa kuokota mipira. Mwaka ule Boris Becker, kijana wa miaka 17, alimfunga Kevin Curren fainali ya Wimbledon kwa saa 3 na dakika 18. Mwaka uleule Han Jian wa China alimfunga Morten Frost wa Denmaki fainali ya dunia ya vinyoya kwa saa 1 na dakika 16. Waliohesabu walisema mpira wa Wimbledon ulikuwa hai dakika 18 tu, na kinyoya kilikuwa hewani dakika 37. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Saa yangu ya utotoni ilishaniambia.

Nilikosea jambo moja, na lilinigharimu mwaka mzima. Nilidhani kwa kuwa nina pumzi ya skwoshi na mkono wa tenisi, miguu yangu iko tayari kwa lolote. Haikuwa hivyo. Miaka yote ile nilikuwa nasimama kwa paja na goti. Vinyoya hukusimamisha kwa kisigino na shavu la mguu: unaruka nyuma, unatua kwa mguu mmoja, na mguu huohuo papo hapo unakusukuma mbele. Kano ile nene ya nyuma ya kisigino, inayounganisha shavu la mguu na unyayo, inabeba mara kadhaa uzito wa mwili wako kila unapotua. Kwa miezi miwili mwaka 2011 nilikuwa nikiamka alfajiri kisigino cha kushoto kimekakamaa, nachechemea hadi bafuni, kisha kinalegea. Kwa kuwa kinalegea, nikakipuuza.

Siku ilipofika nilikuwa nimefundisha tenisi kwa muda wa saa mbili asubuhi na wa saa moja jioni. Saa tatu usiku niko ukumbini. Nilirudi nyuma kufuata kinyoya cha juu, nikatia mguu kusukuma, nikasikia "pa!" na kitu kikanipiga kisigino. Niligeuka kwa hasira kumtazama aliyenipiga teke. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Wote ukumbini walikuwa wamenyamaza, maana na wao walikuwa wamesikia. Nimekuja kuzungumza na wengi waliokatika kano hiyo, na karibu wote wanasema vilevile: waligeuka kumtafuta aliyewapiga.

Hospitali ya kwanza niliyokwenda waliniambia nimeteguka. Nikafungwa bandeji, nikapewa vidonge, nikaambiwa nipumzike. Kwa kuwa niliweza kutembea kwa kuburuza mguu, hata mimi niliamini. Wiki tatu baadaye dada mmoja wa tiba ya viungo alinilaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Akaminya shavu la mguu wa kulia, unyayo ukajivuta wenyewe. Akaminya la kushoto. Unyayo ukabaki umening'inia, kimya. Alikaa kidogo, akasema, "Kaka, hii imekatika." Kipimo chenyewe hakikuchukua hata dakika moja, wala hakikuhitaji mashine. Nikiandika hili nataka anayesoma akijue kipimo hicho, kwa ajili yake au kwa ajili ya jirani yake, kwa sababu wiki zile tatu zilizopotea zilifanya upasuaji wangu uwe mgumu zaidi na kupona kwangu kuwe kurefu.

Wakati wa kupona ndipo nilipoupata mpira wa meza, kwa kuwa ndio mchezo pekee ambao yule dada aliniruhusu. Meza ilikuwa kazi ya seremala wa mtaani, imewekwa kwenye ofisi ya vijana ya kata. Nilikwenda na mkongojo. Nilidhani ni mchezo wa kungojea chakula kiive. Ndani ya nusu saa mapaja yalikuwa yanatetemeka. Mchezaji wa meza hasimami wima hata sekunde moja. Amechuchumaa nusu, kiuno kimeinama, visigino vimeinuka kidogo, anasogea upande kwa hatua fupi fupi. Meza ina urefu wa mita 2.74 tu, na mpira wa gramu 2.7 ukipigwa kwa nguvu unakufikia chini ya robo ya sekunde. Nilichoka mahali ambapo sikujua panaweza kuchoka: macho, na nyuma ya macho. Jioni ya kwanza nililala saa mbili usiku bila kula. Kiuno cha chini kikawa ndicho kinachouma, kwa kuinama na kujipinda mara elfu upande uleule. Wazee waliocheza meza miaka mingi utawajua kwa namna wanavyoinuka kwenye kiti.

Padeli sina mengi ya kusema juu yake. Iliniingia ukubwani, na viwanja vya vioo vimeanza kuonekana Dar es Salaam na Nairobi katika miaka hii michache. Ni uwanja wa mita 20 kwa 10, wanne ndani, sevu ya chini ya kiuno, na ukuta unakurudishia mpira uliokupita. Kwa mtu wa umri wangu ni rahimu kweli. Hata hivyo wanaoanza hucheza siku tano kwa wiki kwa sababu ni tamu, na hao ndio ninaowaona wakishika kiwiko na shavu la mguu. Mchezo ukiwa mtamu, mwili huchelewa kusikilizwa.

Siku hizi nafundisha watoto wa mtaa, tenisi asubuhi za Jumamosi na vinyoya jioni mbili za wiki. Kabla hawajashika raketi nawafundisha kusimama. Tunakimbia hatua tano, tunasimama. Tunaruka, tunatua kimya. Nikisikia kishindo tunarudia. Wazazi wengine hulalamika kuwa watoto wao wamekuja kucheza, na mimi nawaelewa, lakini sibadilishi.

Mwezi uliopita alikuja binti wa miaka 15, mchezaji mzuri sana wa tenisi, bega pana, mkono wa kulia umeshaanza kunenepa kama wangu enzi zile. Alikuwa ameiona picha ya Angella Okutoyi, yule Mkenya aliyetwaa Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, akaibandika kwenye begi lake. Alitaka kuongeza vinyoya ili awe mwepesi. Alikuwa na haraka, ameshavua viatu vya nje, ameshachagua raketi.

"Shikamoo mwalimu. Naanza na nani?"

"Marahaba mwanangu. Anza na ukuta. Ushike kwa kidole kimoja, simama mguu mmoja, inua kisigino, shusha polepole. Nihesabie hadi 25."

Wa kulia alifika 25, akakunja uso kidogo. Wa kushoto, ule wa kutulia sevu, ulianza kutetemeka kwenye 11. Kwenye 14 kisigino kilikataa kuinuka. Aliutazama mguu wake kwa mshangao, kama alivyoutazama fundi wa Kariakoo mkono wangu.

Nilimpokea raketi nikaitundika. Kisha tukaenda wote wawili kwenye ngazi ya nyuma ya ukumbi, nikasimama kipandio kimoja chini yake, tukaanza: kuinua kwa miguu miwili, kushusha kwa mmoja.

"Polepole," nikamwambia. "Hesabu mpaka tatu ndipo ufike chini."

"Moja," akasema. "Mbili."